Moyo wa Alfred Nobel na chupa ya vidonge iliyo kabatini kwako

Kama wewe au mzazi wako amewahi kuandikiwa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, huenda pale dirisha la dawa mliambiwa pia kwamba vidonge vikae kwenye chupa yake na visiwekwe juani. Maneno hayo husemwa haraka, foleni ikiwa ndefu, na mgonjwa huitikia tu. Akifika nyumbani anavihamishia kwenye bahasha au kikopo cha plastiki kwa sababu chupa ya kioo ni kero kubeba, anavitia mfuko wa shati, anatembea navyo jua la Februari. Miezi inapita. Siku kifua kinapobana anaweka kidonge chini ya ulimi, anasubiri, na nafuu haiji.

Kwa ajili ya mgonjwa huyo nimeamua wiki hii nikusimulie maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita. Jina lake unalijua kutokana na tuzo zinazotangazwa kila Oktoba, ile aliyopata Profesa Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004 na ile ya fasihi aliyopata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021. Huyo ni Alfred Nobel. Dawa iliyo ndani ya chupa yako ndiyo kitu kile kile kilichompa utajiri, kikamuulia mdogo wake, na mwishoni daktari akamwandikia yeye mwenyewe.

Alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 21 Oktoba 1833. Alikuwa mtoto wa kuugua-ugua, na mama yake, Andriette, alihangaika naye kama unavyohangaika wewe na mtoto ambaye kila mwezi yuko kliniki. Baba yake, Immanuel, alikuwa mvumbuzi mwenye mawazo mengi na madeni mengi. Biashara zilipomshinda Sweden alikwenda Urusi, akafungua karakana St Petersburg, akawa anaiuzia serikali mabomu ya kutegwa baharini. Familia ilimfuata mwaka 1842. Huko mambo yalinyooka kwa muda, watoto wakawekewa walimu nyumbani, na Alfred kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa akizungumza Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani.

Alipelekwa Paris kujifunza kemia kwenye maabara ya Théophile-Jules Pelouze. Miaka michache kabla yake alikuwa amepita hapo Mwitaliano mmoja, Ascanio Sobrero, ambaye mwaka 1847 akiwa Turin alichanganya gliserini na asidi kali mbili, ya naitriki na ya salfuriki, akapata mafuta mazito ambayo leo tunayaita naitrogliserini. Gliserini yenyewe haina neno. Hutokana na mafuta, hupatikana viwanda vya sabuni vinapofanya kazi yake, na ni ile ile ambayo wazazi wengi hupaka midomo ya watoto iliyopasuka. Kinachobadilisha kila kitu ni matawi matatu ya naitrojeni na oksijeni ambayo asidi hupachika juu yake.

Sobrero alifanya jambo ambalo wanakemia wa zamani walilifanya bila kufikiri mara mbili: aliweka chembe ndogo ya kitu chake kipya ulimini. Ilikuwa tamu kidogo, halafu kichwa kikaanza kumgonga kwa nguvu. Kumbuka maumivu hayo ya kichwa, tutayarudia. Kisha akapasha joto tone moja, likalipuka na kumjeruhi. Aliogopa, na kwa miaka mingi aliwaonya watu wasicheze nacho.

Niruhusu nisimame kidogo hapa kwenye joto, maana ndiyo kiini cha habari yote.

Kuni zinapowaka, zinahitaji hewa ya nje. Ukifunika jiko, moto unafifia. Naitrogliserini haihitaji hewa ya nje, kwa kuwa oksijeni imo tayari ndani yake, kwenye yale matawi matatu, imekaa jirani kabisa na kaboni ya gliserini. Zinatenganishwa na viungo vyembamba, na joto hukata viungo hivyo. Kiungo kimoja kinapokatika, gesi ya rangi ya hudhurungi yenye harufu ya kukaba hutoka, na joto kidogo linazalishwa. Joto hilo linakata viungo vya jirani. Gesi ile nayo, pamoja na asidi inayozaliwa, inachochea uozo uendelee haraka zaidi. Mafuta yakiwa tone moja kwenye sahani, joto linapotea hewani na mambo yanakwisha kimya. Yakiwa mengi ndani ya chombo, joto halina pa kutokea.

Kama umewahi kutia mkono katikati ya lundo la majani mabichi yaliyokaa siku kadhaa, unajua ninachosema. Juu ni baridi, katikati panachoma. Lundo dogo halifanyi hivyo. Tofauti ni kwamba majani huishia kutoa mvuke, wakati naitrogliserini ikifika takriban nyuzi 218 za Selsiasi hulipuka. Mafuta yote yanageuka ghafla kuwa gesi ya moto: kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji, naitrojeni na oksijeni kidogo. Gesi hiyo inahitaji nafasi kubwa mno kuliko mafuta yalivyokuwa, nayo huichukua kwa nguvu, kuta zikiwepo au zisiwepo. Kugongwa ghafla kunaweza kuleta matokeo hayo hayo.

Nikolai Zinin, mwalimu wa kemia wa St Petersburg, aliwaonyesha Immanuel na wanawe jambo hilo kwa kuweka tone kwenye fuawe na kuligonga kwa nyundo. Lililolipuka ni lile tu lililoguswa na nyundo. Baba na mwana waliona fedha hapo. Ulaya ilikuwa ikichimba migodi na kutoboa milima kwa ajili ya reli, na baruti nyeusi ya zamani ilikuwa dhaifu. Vita vya Crimea vilipokwisha, serikali ya Urusi iliacha kununua mabomu yao, karakana ikafilisika, na wazazi wakarudi Sweden mwaka 1859. Alfred aliwafuata mwaka 1863. Walianza kutengeneza naitrogliserini katika kibanda cha Heleneborg, ndani ya jiji la Stockholm, karibu na nyumba waliyoishi.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1864 kibanda hicho kililipuka. Walikufa watu watano, na mmoja wao alikuwa Emil Oskar, mdogo wake Alfred, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 21, aliyekuwa likizoni kutoka masomoni na kumsaidia kaka yake kazi. Alfred mwenyewe alijeruhiwa kidogo. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba kijana alikuwa akijaribu njia rahisi zaidi ya kuyatengeneza mafuta hayo, na joto likaachwa likapanda kupita kiasi.

Muda si mrefu baadaye Immanuel alipata kiharusi. Hakusimama tena kama zamani, akaishi miaka minane akiwa mtu wa kitandani kwa sehemu kubwa. Sitasema msiba ndio uliosababisha, maana shinikizo la damu halikuwa likipimwa wakati ule. Lakini nyote mliowahi kumuuguza mzazi baada ya pigo la namna hiyo mtaelewa nyumba ile ilikuwaje. Mama alimzika mwana, muda si mrefu akawa anamgeuza mume kitandani.

Wapo watakaoshangaa kwamba Alfred hakuacha. Mimi pia hushangaa, na sipendi sana jinsi vitabu vya watoto vinavyopita haraka hapo na kukimbilia mafanikio. Wakuu wa jiji walikataza kazi hiyo ndani ya mipaka yao, naye akaihamishia kwenye tishari katika ziwa Mälaren. Baadaye akajenga viwanda nchi kavu, kikiwemo cha Krümmel karibu na Hamburg. Mafuta yakaanza kusafirishwa duniani kwenye makopo ndani ya masanduku, na watu waliyoyabeba hawakujua wamebeba nini. Aprili 1866 meli ililipuka bandarini upande wa Panama ikaua makumi ya watu, na mwezi huo huo sanduku lililokuwa likivuja lilifunguliwa kwa vyuma San Francisco likaua wengine. Kiwanda cha Krümmel nacho kililipuka mwaka huo. Ugumu mwingine ni kwamba mafuta hayo huganda kwenye takriban nyuzi 13, baridi ya kawaida kabisa kwa Ulaya, na wafanyakazi walikuwa wakiyayeyusha karibu na moto ili yatumike. Wengi walikufa hivyo.

Jibu alilopata Alfred lilikuwa udongo. Alichanganya mafuta na udongo mwepesi mweupe uliotokana na mabaki ya viumbe wadogo wa majini, wenye matundu mengi kama sifongo. Udongo uliyanyonya mafuta, ukawa kama kinyunga kinachoweza kufinyangwa na kubebwa bila kulipuka kwa mtikisiko mdogo. Aliupa jina la dainamaiti na kupata hataza mwaka 1867. Ili kuulipua alikuwa tayari amebuni kijikopo cha kuwashia chenye kemikali ya zebaki. Utajiri ukaja, viwanda vikaenea nchi nyingi, na kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na hataza 355.

Kilichofuata viwandani ndicho kinachotuhusu zaidi. Kule Ardeer, Scotland, palikuwa na watu ambao kazi yao siku nzima ilikuwa kutazama kipimajoto. Asidi ilipokuwa ikichanganywa na gliserini, joto lilipanda lenyewe, na mtazamaji alipaswa kuliweka chini kwa maji baridi yaliyopita kwenye mabomba. Ili asisinzie, alikalishwa kwenye kigoda cha mguu mmoja. Akipitiwa na usingizi, anaanguka. Gesi ya hudhurungi ikionekana, mchanganyiko wote unamwagwa kwenye tangi la maji na watu wanakimbia.

Wafanyakazi hao walikuwa na ugonjwa wao. Jumatatu asubuhi, wakirudi kutoka mapumzikoni, kichwa kiliwauma vibaya, kama kilivyomuuma Sobrero. Ilipofika Jumatano hawakusikia kitu. Jumapili wakapumzika, Jumatatu kichwa tena. Baadhi yao walijifunza kubandika kipande kidogo kwenye kofia siku ya mapumziko ili mwili usisahau. Naitrogliserini hupita kwenye ngozi na kwa pumzi, hupanua mishipa ya damu, ikiwemo ya kichwani, na ndiyo maana kichwa hugonga. Mwili ukiipata mfululizo unaizoea. Wenye kubandika plasta ya dawa hii kifuani huambiwa waibandue kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku, kwa sababu hiyo hiyo: mwili ukiizoea, dawa haisaidii tena.

Madaktari waliona kwamba kitu kinachopanua mishipa ya kichwa huenda kikapanua na ya moyo. Mwaka 1867, ule ule wa dainamaiti, daktari kijana Thomas Lauder Brunton wa Edinburgh alikuwa amewavutisha wagonjwa wa kifua mvuke wa dawa iliyo ndugu na hii, wakapata nafuu kwa dakika chache. Mwaka 1879 William Murrell wa London alichapisha matokeo yake ya kutumia naitrogliserini yenyewe, kwa kiasi kidogo mno kilichozimuliwa, kwa wagonjwa ambao moyo wao hukosa damu ya kutosha wanapotembea au kupanda ngazi. Maumivu yale madaktari huyaita anjaina: kubanwa katikati ya kifua, wakati mwingine yakienda begani, mkono wa kushoto au taya. Nafuu ilikuja kwa dakika na ilidumu kuliko ile ya Brunton.

Alfred Nobel alikuwa mgonjwa siku zote. Kipandauso kilimtesa, maabara ikamwongezea maumivu ya kichwa, na mara nyingine alilala chini na kitambaa cha baridi kwenye paji. Hakuoa. Aliishi Paris miaka mingi, mwaka 1891 akahamia San Remo, Italia. Moyo ulianza kumsumbua. Oktoba 1896, akiwa Paris kuwaona mabingwa, alimwandikia barua msaidizi wake Ragnar Sohlman akimweleza, kwa kejeli ya mtu aliyekwisha kuona mengi, kwamba majaliwa yanamchekesha, maana ameandikiwa kunywa naitrogliserini. Aliongeza kwamba wanaiita Trinitrin ili wauza dawa na wananchi wasiogope.

Hofu hiyo bado ipo, na huenda hata wewe umeanza kuitazama chupa yako kwa jicho lingine. Ondoa wasiwasi. Kidonge kimoja kina nusu miligramu hivi ya dawa, imesambazwa kwenye unga wa sukari ya maziwa. Hakiwezi kulipuka hata ukikitupa jikoni. Ni lile lundo la majani tena: kiasi hicho hakiwezi kukusanya joto lake.

Nobel alifariki San Remo tarehe 10 Desemba 1896, kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63. Alikuwa na watumishi tu pembeni, na inasemekana lugha zote alizojifunza zilimpotea, kikabaki Kiswidi cha utotoni ambacho wao hawakukielewa. Wosia wake, aliouandika mwaka mmoja kabla bila mwanasheria, ulishangaza ndugu: karibu mali yote iende kwenye tuzo za kila mwaka, mojawapo ikiwa ya tiba. Ile ya kwanza ya tiba, mwaka 1901, alipewa Emil von Behring kwa kazi yake juu ya dondakoo, ugonjwa ambao mtoto wako leo anachanjwa dhidi yake akiwa na wiki chache tu. Ya pili, mwaka 1902, ilikwenda kwa Ronald Ross, aliyeonyesha kwamba malaria huletwa na mbu.

Mwaka 1998 tuzo hiyo hiyo walipewa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad. Walikuwa wameonyesha kwamba kuta za mishipa hujilegeza kwa amri ya gesi ndogo iitwayo naitriki oksaidi, na Murad alikuwa amegundua kwamba naitrogliserini hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo. Kumbe mwilini dawa huvunjika pale pale kwenye yale matawi matatu ambayo joto huyavunja kiwandani. Tofauti ni kwamba mwilini kinachovunja ni vimeng'enya, kidogo kidogo, bila moto, na kinachopatikana ni tiba.

Dawa ambayo faida yake ni kuvunjika upesi haiwezi kuwa dawa ya kutunza ovyo. Na si kuvunjika tu. Naitrogliserini pia huyeyuka hewani kama manukato, na joto huongeza kasi ya yote mawili. Plastiki huinyonya, karatasi huinyonya, hata pamba inayowekwa mdomoni mwa chupa huinyonya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza vidonge hivi vitolewe kwenye chupa ya kioo peke yake, baada ya kuonekana kwamba vinapoteza nguvu kwenye vifungashio vingine. Kidonge kilichoishiwa hakibadiliki rangi wala umbo. Utakiona kizima.

Kwa hiyo chupa ibaki ile ile ya kioo, kifuniko kikazwe mara baada ya kutoa kidonge, na usichanganye humo dawa nyingine. Lebo nyingi husema chini ya nyuzi 25, na najua ndani ya nyumba zetu za bati, Dar es Salaam au Mombasa, hiyo ni ndoto mchana. Tafuta pa baridi kuliko pote na pakavu: kabati la chumbani mbali na dirisha, si jikoni, si bafuni. Usiweke kwenye friji kabla ya kumuuliza mfamasia, maana unyevu nao huharibu. Ukisafiri, chupa iwe ndani ya mkoba, isiwe mfuko wa shati unaogusa mwili wala kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Siku unayofungua chupa, andika tarehe juu yake. Chupa nyingi hutakiwa kubadilishwa wiki nane baada ya kufunguliwa; uliza ya kwako. Kama ulichopewa ni cha kupuliza, hicho hudumu zaidi, ila kopo lake lisikae karibu na moto. Na kama umeandikiwa aisosobaidi, ambayo ndiyo hupatikana zaidi kwenye vituo vyetu, ni ndugu wa dawa hii. Haiyeyuki hewani haraka hivyo, lakini joto na unyevu si rafiki zake.

Kifua kikibana, kaa chini kwanza. Dawa hushusha presha, na aliyesimama anaweza kuanguka. Weka kidonge chini ya ulimi, kiache kiyeyuke, usikimeze, kwa kuwa ini litaharibu sehemu kubwa kabla haijafika kwenye moyo. Kichwa kikigonga ujue chanzo chake. Zikipita dakika tano na maumivu hayajapungua, anza safari ya hospitali hapo hapo, kidonge cha pili ukiweke mkiwa njiani au mkisubiri gari. Wagonjwa wengi huendelea kuweka kidonge juu ya kidonge nyumbani, wakidhani shida ni dawa, kumbe moyo unakufa.

Kina baba, hili huwa halisemwi mbele za watu: dawa za kuongeza nguvu za kiume, sildenafil na jamii yake, haziendi pamoja na hii hata kidogo. Zote mbili hulegeza mishipa, presha inaweza kuporomoka mtu asiamke. Kama umemeza sildenafil ndani ya saa 24 zilizopita, au tadalafil ndani ya saa 48, na kifua kimekubana, usiweke kidonge. Nenda hospitali na umwambie daktari ukweli, hata kama mama watoto yupo mlangoni.

Vidonge hivi ni vidogo na vitamu kidogo, kama Sobrero alivyoonja. Mjukuu akivikuta kwenye bahasha kitandani kwa babu atavila kama pipi, na mtoto aliyekula kadhaa anaweza kupoteza fahamu kwa presha kushuka, au kuwa wa bluu midomoni kwa damu kushindwa kubeba oksijeni. Ukimkuta hivyo mlaze chali, miguu juu, usimtapishe, mpeleke hospitali ya karibu na uende na chupa yenyewe mkononi.